Mama Kamaliza Athanasie, Aliyetunza Majina ya Watoto Waliopotea

Mimi, Semana, mdogo wake, nasoma haya kwa niaba ya familia.

Mama Kamaliza Athanasie alizaliwa tarehe 9 Mei 1981 karibu na Lushebere, Masisi, mtoto wa kwanza wa Papa Kanyamibwa, mfugaji, na Mama Mukandori. Alisoma shule ya msingi Lushebere, kisha Goma, alikopata diploma ya informatiki, yaani kazi za kompyuta, mwaka 2001. Baba alimuuliza kazi hiyo ni ya namna gani. Akamjibu, "Njo kazi ya kuchunga, Papa. Ila hizi kompyuta hazili majani." Baba alilirudia jibu hilo kwa kila mgeni aliyekuja kununua maziwa.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na Papa Bayingana, muuza jibini. Mungu aliwapa Kayitesi, na baadaye Gisa. Papa Bayingana alifariki mwaka 2019 kwa ajali ya pikipiki, njia ya Pinga.

Tangu mwaka 2009 alifanya kazi Masisi, katika shirika dogo lililotafuta familia za watoto waliopotezana na wazazi vitani. Kompyuta zilikuwa kuukuu, za msaada, na nakala za majina ziliwekwa kwenye kanda za sumaku. Mwaka 2014 leseni ya programu ya kurekodi kanda iliisha, na toleo jipya lilikataa mashine zile. Akajaribu programu za bure. Moja ilihitaji kompyuta yenye nguvu zaidi. Nyingine ilipendeza machoni, lakini alipofuta majina ya majaribio na kuyasoma upya kutoka kwenye kanda, mengine hayakurudi. Akaiondoa. Aliyoichagua haikuwa na picha wala vitufe, ni amri za kuandika tu, ila ilirudisha kila jina.

Mwenzake, Papa Mapendo, alikuwa na mashaka. "Dada, kitu ya bure itatuacha mu njia."

"Kaka, ile ya kulipa njo imetuacha. Hii, ordinateri ikikufa, kompyuta ingine itasoma kanda. Hakuna mutu wa kuomba ruhusa."

Januari 2025 vita vilifika. Ofisi iliporwa, kompyuta zikabebwa. Dada alikimbia akiwa na mfuko wa kanda mgongoni, Kayitesi mbele yake, na Gisa amemshika mkono. Penye daraja watu walisukumana, risasi zikalia nyuma yao. Mkono wa Gisa ukamtoka. Alirudi kumtafuta mpaka watu wakamvuta kwa nguvu. Gisa hakuonekana.

Walikimbilia Mubi, ambako Papa Mapendo, mzaliwa wa huko, aliwapokea nyumbani kwake. Dada hakula vizuri tena. Aliniambia, "Kama singebeba ile mufuko, ningemubeba yeye."

Hata hivyo alitafuta mashine ya kusoma kanda. Dereva wa lori, Papa Prince, alimletea moja iliyotumika, na muuza simu wa sokoni akamwazima kompyuta. Ile programu alikuwa nayo kwenye kle yake, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Hakuna aliyemdai leseni. Majina yalirudi, na wazazi wa watoto kadhaa waliokuwa Mubi wakapatikana. Mama mmoja alimpigia magoti. Dada alimwinua, akaenda kulia nyuma ya nyumba. Kisha akaongeza jina la Gisa na kurekodi kanda upya.

Mwezi wa kumi shinikizo la damu lilimpanda. Dawa zilikuwa zimekwisha, na njia ilikuwa imefungwa. Tuliomba gari, tuliomba pikipiki, tuliomba kila mtu. Alifariki tarehe 11 Novemba 2025, hapa Mubi, akiuliza kama kuna mtu amepiga simu.

Ameacha mama yake, Mukandori. Binti yake, Kayitesi. Mimi, mdogo wake. Na mwanawe, Gisa. Wengine katika familia walisema tusimtaje Gisa kwa sababu hatujui alipo. Kayitesi alikataa. "Mama aliandika iko hai. Na nyinyi mumuandike."

Gisa Bayingana, miaka tisa. Alivaa shati la kijani. Ana kovu chini ya kidevu. Aliyemwona amfikishe kwa Papa Mapendo.

Mungu akupumzishe kwa amani, dada. Tunaendelea kumtafuta.