Mashua Kumi na Mbili za Kumpeleka Wanu Tumbatu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bwana Mkadam, Mkuu wetu wa Wilaya. Waheshimiwa mliofuatana naye. Wazee wetu na wanachama wenzetu: Assalaam alaykum.

KARIBU KWAKO

Sisi wanachama wa Chama cha Matembezi ya Baharini cha Funguni, hapa Malindi ya Unguja, tumefurahi mno kukuona. Tangu asubuhi akina mama wanakaanga, akina baba wanafagia ufuo ambao jioni maji yatakuja kuuosha yenyewe, na kila mtu anamwamrisha mwenzake. Utuwie radhi kwa harufu ya rangi. Mashua hiyo uliyokaa kivulini mwake tumeipaka jana. Naam, Mheshimiwa, ni ileile Usinune yako. Jina lako nalo limo daftarini, namba nne. Chama chetu hakimfuti mtu kwa sababu amepata kazi kubwa.

TULIKOTOKA

Chama kilianza mwaka 1965 kwa watu saba. Kabla ya Mapinduzi, kutembea baharini kwa raha tu kulikuwa kwa mabwana wa kaptura nyeupe, na Muhiddin, mwenyekiti wetu, alikuwa akiwashikia kamba na kuwafutia viti. Mabwana walipoondoka, Muhiddin akasema, "Na mie sasa ntakaa kitini." Akaundisha mashua Nungwi, akamwita Ame mshona viatu, akamwita Bi Biasha wa vitumbua, ambaye marehemu mumewe alimwachia chombo. Leo tuko wanachama thelathini na mmoja, na mashua kumi na mbili.

Watu hutuuliza: mnakwenda kuvua? Hatuvui. Mnabeba mizigo? La, ila sufuria ya pilau. Tunakwenda Mangapwani, Mkokotoni, Tumbatu, Kendwa mpaka Nungwi, tunaitazama nchi yetu kutoka majini, kisha tunarudi makazini. Nchi hii ni nzuri sana ukiitazama kutoka huko, Mheshimiwa, na hatuoni haya kulisema.

TULIYOYAPATA

Tumewafunza wake na waume ishirini kutweka tanga. Tumewatoa majini watu wanne waliopinduka, mmoja wao mara mbili, na jina lake tunalisitiri.

Kubwa kuliko yote ni ada yetu, desturi ya kubadilishana vyombo. Siku ya safari hakuna anayeendesha chombo chake. Tunapiga kura pwani, na kila nahodha anashika usukani wa chombo cha mwenzake. Ada hii imetufunza kutunza cha mtu, tena imewanyamazisha wenye kujisifu. Wewe mwenyewe, kura ilipokupa mashua ya Bi Biasha, uliipandisha juu ya fungu la mchanga pale Mangapwani, ukatwambia unapumzika kidogo. Bi Biasha ametutuma tuseme hadharani kwamba ameshakusamehe.

TULIPOKWAMA

Mwaka jana, 1969, tulijaza vibali vya safari majumbani, kila mtu na chombo chake. Kisha tukaenda pwani tukapiga kura, kama kawaida yetu. Katika watu wote wale hakuna aliyekumbuka kwamba vibali vina majina. Tulipofika kwenye ukaguzi, bwana mkaguzi alianza na mwenyekiti.

"Wewe ndiye Muhiddin?"

"Naam."

"Chombo hiki chako?"

"Hapana. Changu kile kule, anacho Ame."

"Na hiki cha nani?"

"Cha Bi Biasha."

"Yeye yuko wapi?"

"Yumo chomboni mwa fundi Shamsi."

"Na huyo fundi Shamsi?"

"Ndiye yule anayecheka, yumo katika Usinune."

"Nyinyi watu mmeibiana?"

Mkaguzi hakukosea, alikuwa kazini. Tulikosea sisi, na Shamsi alikosea zaidi kwa kucheka. Tulizuiwa siku tatu, na tangu hapo haturuhusiwi kusafiri pamoja. Kila mashua huenda peke yake. Tumejaribu hivyo mara mbili, na inatuuma kusema kwamba hatukuona raha yoyote. Tulirudi tukapeana mikono kama watu waliokutana hospitali.

TUNALOLIOMBA

Ombi letu ni moja. Ijumaa hii Bi Wanu, binti wa Muhiddin na mwanachama namba kumi na tisa, anaolewa na Gharib, mwanachama wetu wa Jongowe, Tumbatu. Walijuana katika safari zetu, wakigombana nani anajua kufunga fundo. Jumamosi bibi harusi anapelekwa kwa mumewe. Mama yake Gharib ameshatandika mikeka ya wageni sabini. Mashua moja inachukua watu wanane, Mheshimiwa, pamoja na sanduku. Kitanda cha harusi kitabaki Malindi.

Ndugu wengine wameshauri harusi isubiri mpaka mambo yatulie. Gharib amesubiri miezi minane. Wengine wamesema Wanu atangulie na shangazi zake. Mwenyewe amejibu mbele ya kamati yote: "Mie sendi peke yangu kama barua. Chama ndicho kilichonikutanisha naye, chama kinipeleke."

Kwa hiyo tunaomba kibali cha mashua zote kumi na mbili, Usinune ikiwemo, kwa Jumamosi hii. Kura tutapiga Alkhamisi, ofisini kwako, mbele ya karani wako, na majina yaandikwe baada ya kura. Shamsi tutamwacha nje.

Bi Wanu yuko hapa, safu ya mbele, mwenye kanga ya njano. Tumemkataza kulia, maana tumeona si haki kukulilia mgeni. Kukutazama hatukumkataza.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, akutunzie watoto wako, na wino wa kalamu yako usikauke kabla ya Jumamosi. Amin.

Imesomwa na Kidawa Mjaka, katibu,
kwa niaba yetu sote,
Chama cha Matembezi ya Baharini, Funguni, Malindi.