Viti Viwili Alivyoagiza Mama Isack

Wasifu wa Eliza Gerson Nkya, mke wa Herbert Munuo (1966–2025). Umesomwa na mdogo wake, Jesse Nkya, nyumbani Masama, Jumatano tarehe 12 Machi 2025.

Wapendwa, kabla ya yote: viti viwili vya mbele, pale pembeni ya wajukuu, vimeachwa wazi kwa agizo la marehemu mwenyewe. Minong'ono tumeisikia tangu asubuhi. Sababu imo humu, familia inaomba mvumilie.

Eliza alizaliwa tarehe 3 Juni 1966 hapahapa Masama, wilayani Hai, mtoto wa tatu wa Mzee Gerson Nkya na mama Martha. Mama alisimulia kwamba mtoto huyu alianza kukimbia kabla hajajua kutembea, na lile kovu la kwenye paji alilipata kwenye kizingiti cha nyumba hii. Mlezi wake hasa alikuwa dada yake Aika, aliyembeba mgongoni mpaka wapita njia wakadhani ni mwanawe.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari Machame hadi 1984. Mwaka uliofuata alianza uuguzi na ukunga mjini Moshi. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba anauliza maswali kupita kiasi. Baba aliisoma, akacheka, akasema shule nayo imegundua.

Aprili 1987 Aika alijifungua mtoto wa kiume kwa mumewe, kijiji cha pili kutoka hapa. Kwa desturi yetu mzazi aliwekwa ndani, akafungwa tumbo, akanyweshwa mtori wa ndizi na nyama, asitoke wala kushika jembe hadi miezi mitatu itimie. Ni desturi nzuri, wengi hapa imewanenepesha. Lakini Aika alishikwa na homa. Eliza alipokuja likizo alimkuta anatetemeka chini ya mablanketi, akamsihi mama mkwe wa dada yake, Bibi Juliana, wampeleke hospitali.

"Mwanangu, mzazi hatolewi kwenye baridi," Bibi Juliana alimjibu. "Mimi nimezaa saba. Homa ya maziwa hupita."

Haikupita. Tulimzika Aika wiki ileile. Mtoto, Thadeus, akabaki mikononi mwa bibi yake, na nyumba zetu mbili zikaacha kuamkiana.

Eliza aliajiriwa kuwa mkunga mwaka 1989. Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na Herbert Munuo, bwana shamba, mtu mpole ambaye kwa miaka thelathini na mitatu alichelewesha chakula cha jioni akimsubiri mkewe. Isack alizaliwa 1993. Eliza naye akawekwa ndani kama mzazi, na haikupita muda mama mkwe wake akamkuta migombani, kanga tumboni, anapunguzia migomba machipukizi.

"Eliza!" bibi alipiga kelele. "Hata kuku anayeatamia hutulia!"

Hakutulia. Hellen alizaliwa 1996, na mwaka 2004 mama yao alihitimu shahada ya afya ya jamii, kisha akajiunga na kituo cha utafiti mjini Moshi. Swali lake lilikuwa lilelile la 1987: mzazi akiugua ndani ya chumba cha uzazi, kwa nini hasemi mapema? Mwaka 2011 alizunguka vijiji vya mlimani akiwauliza wazazi hali zao. Wote walijibu kwamba ni wazima na wanatunzwa vizuri. Matokeo yakapendeza, wakubwa wakampongeza.

Ndipo mzazi mmoja, Zita Lema, akampigia simu.

"Mama, shikamoo. Siku ile nilikwambia mimi mzima. Nilikuwa nanuka usaha. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa pale na bakuli la mtori, ningesemaje? Nikasema tu siumwi."

Eliza alimpeleka Zita hospitali siku hiyohiyo, na akapona. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Eliza alikuwa amekilalia, na bado akasahau. Alirudi kituoni akaomba kazi yote ya mwaka ifutwe. Mkubwa wake alimwambia, "Eliza, matokeo ni mazuri, unataka nini tena?" Akajibu, "Ni mazuri kwa sababu wakwe walikuwa wamekaa pale." Walikasirika sana. Yeye alikasirika zaidi, na alijikasirikia mwenyewe.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi ndugu zake tuliliona ni usaliti. Alikwenda kwa Bibi Juliana, akamwamkia, akaketi jikoni, akamwomba amsimulie habari za Aika. Tangu 1987 hakuna aliyekuwa amemuuliza bibi yule chochote; tulimlaumu tu. Alisimulia hadi mtori ukaungua. Mwishowe akasema, "Nilimpenda. Niliogopa baridi kuliko homa."

Hapo ndipo utafiti mpya ulipoanza. Wageni wawili huenda pamoja kwa mzazi, kila Jumatano. Mmoja ni mama mkwe, anabaki jikoni kuongea na mama mkwe mwenzake, amfundishe dalili za hatari. Wa pili anaingia chumbani na kufunga mlango. Wawili wa kwanza walikuwa Bibi Juliana na Zita. Wanawake wakaanza kusema, na wakwe wakaanza kuwapeleka hospitali wenyewe. Vijiji vingine vikaiga. Eliza hakuridhika, kila mzazi aliyepotea alimnyima usingizi.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo. Daktari alimkataza kupanda milima, akawa anapanda polepole. Alilazwa Moshi mwezi Februari. Siku mbili kabla ya mwisho alimuuliza Hellen, "Jumatano nani anakwenda?"

"Mama, pumzika kwanza."

"Hilo sijauliza." Akaagiza kwamba akizikwa Jumatano, na kukawa na mzazi anayesubiri, Bibi Juliana na Zita wasije, waende kwa mzazi huyo, na viti vyao viachwe wazi. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi.

Jumamosi, huko juu mlimani, binti mmoja alijifungua mtoto wake wa kwanza.

Kwetu kukosa msiba wa jirani ni kosa lisilosahaulika. Msiseme Bibi Juliana ameukosa kwa ajili ya ugomvi wa kifo cha Aika. Jana alilia hapa akiomba aje kuzika, na sisi watoto wa Gerson, tuliomnyima salamu miaka yote ile, ndio tuliomkatalia. Sasa hivi amekaa kwenye jiko la watu, ili mlango wa chumbani ufungwe na binti yule aulizwe na Zita kama ana homa.

Eliza ameacha mume, Herbert, watoto, Isack na Hellen, wajukuu watatu, na Thadeus, mtoto aliyeachiwa na Aika, aliyempandisha bibi yake huko juu asubuhi na kurudi mbio kubeba jeneza.

Bwana ampumzishe. Sisi tulijaribu, tukashindwa.