Kuku wa Bi Mwajabu

Karani Ansbert wa bomani alikaa ndani ya basi la Temeke, sigara mdomoni, akipapasa mifuko kutafuta kiberiti. Kiti cha mbele, mzee Sadallah, shavu limetuna kwa tumbaku, alikuwa akimsikiliza jirani yake, Bi Mwajabu, mfuga kuku.

"Jana niliroweka tumbaku kama hiyo yako, babu, nikamwogesha kuku wangu ili utitiri ufe."

"Ukafa?"

"Wote. Lakini adhuhuri kuku naye akaanza kutetemeka, na magharibi hakuiona."

Mzee akacheka. "Mie si kuku, binti. Mwaka wa arobaini huu natafuna."

"Kuku hakutafuna, babu. Alilowa manyoya tu."

Basi likasimama. Mzee alitaka kujibu, ila kinywa kilijaa mate, asijue ateme au ameze. Ansbert alishakiona kiberiti chake zamani, lakini aliendelea kukitafuta.