Benchi la Ndugu wa Uchina: Maisha ya Mwalimu Rael Chelangat

Mchungaji Ephantus, wazee wa kanisa, walimu wenzake, majirani wetu wa Dundori, na nyinyi mliopanda mlima huu asubuhi kutoka Nakuru na Gilgil, tunawashukuru kwa kuja kutushika mkono. Mimi ni Yona arap Kosgei, ndugu mdogo wa marehemu, na jamaa wamenichagua nisome habari za maisha yake kwa sababu shemeji yangu Kipketer amesema yeye hataweza, na kusema kweli hata mimi sijui kama nitafika mwisho. Iko sehemu moja ambayo watu wawili watatu waliniomba kwa upole niipite, nikamwuliza shemeji, akasema isomwe yote, kwa hiyo mtanivumilia.

Dada yetu Chelangat alizaliwa mwaka wa 1917 karibu na Eldama Ravine, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kosgei arap Chumo, mwezi hatuujui, ila mama alikuwa akisema kwamba wimbi lilikuwa limekwisha kuvunwa na ghala limejaa. Mimi nilimfuata baada ya miaka sita, na mgongo wa kwanza ninaoukumbuka katika dunia hii ni wake, maana alinibeba kila mahali, akinipiga kofi dogo nikilia na kunipa kitu cha kutafuna kabla machozi hayajakauka. Alikuwa mpole, lakini msidhani upole wake ulikuwa wa kusukumwa, akisema hapana ilikuwa hapana, na baba mwenyewe alijifunza jambo hilo mapema.

Mwaka wa 1928 aliingia shule ya misheni, ingawa bibi yetu aliapa kwamba msichana wa kalamu hataolewa na mtu mwenye akili timamu. Alibatizwa siku ya Krismasi mwaka wa 1932, akapewa jina la Rael, akamaliza darasa la sita mwishoni mwa mwaka wa 1934, kisha akasomea ualimu mwaka wa 1935 na 1936, akiwa mmoja wa wasichana wachache sana waliofika huko kutoka upande wetu. Alianza kufundisha Januari 1937 katika shule ileile aliyosoma, na mimi nikawa mwanafunzi wake, jambo ambalo simwombei mtu yeyote, kwa sababu makosa yangu ya darasani yalifika nyumbani kabla yangu.

Tarehe 17 Desemba 1938, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Kipketer arap Rugut, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, wakati huo akiwa kijana mwembamba anayejifunza kuendesha trekta katika shamba moja karibu na Gilgil. Bibi yetu alikuja harusini, akamtazama bwana harusi kutoka miguuni mpaka kichwani, akakubali kwamba akili anazo. Waliishi Gilgil miaka minane, dada akifundisha watoto wa wafanyakazi wa mashamba, na Januari 1947 wakahamia hapa Dundori, shemeji akiwa dereva wa setla tuliyemwita Bwana Miwani, na dada akipewa shule hii yetu, ambayo, kama mjuavyo, tangu siku hiyo mpaka leo haina jengo lake, inasomea ndani ya kanisa. Mungu aliwajalia watoto wanne, Jeruto aliyezaliwa mwaka wa 1940, Kiptanui wa mwaka wa 1943, mmoja aliyetutoka mwaka wa 1946 kabla hajaanza kutambaa, na Cheptoo wa mwaka wa 1948, ambaye leo hajaniachia mkono tangu alfajiri.

Sasa nafika kwenye ile sehemu.

Mwaka wa 1951 alipita Nakuru mhubiri mmoja aliyefukuzwa Uchina, akawaeleza Wakristo wa hapa kwamba huko ndugu zetu wamefungwa gerezani kwa sababu ya imani, makanisa yamepigwa kufuli, na shule za misheni zimechukuliwa, hata mtoto haruhusiwi kufundishwa habari za Mungu. Wazee wa kanisa hili waliporudi walikuwa hawalali vizuri, na Mzee Zakayo Obura, ambaye ni nyapara wa nyumba ya maziwa shambani kwa Bwana Miwani na mzee mkuu wa baraza letu, akatoa shauri kwamba benchi la mbele kabisa, lile lenye mgongo, liachwe wazi kwa ajili ya hao ndugu, asiketi mtu mpaka watakapofunguliwa, na kila Jumatano jioni watu wasimame mbele yake na kuwaombea. Shauri lilikuwa zuri, wala simdhihaki mtu, mimi mwenyewe nimesimama hapo nikalia kwa ajili ya watu nisiowajua. Mzee Obura alilifuta vumbi kila Jumamosi kwa mkono wake, mtoto aliyeligusa alifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni, na dada yangu hakuwahi kukosa Jumatano hata moja.

Lakini nyinyi nyote mnaujua mpango wa elimu wa serikali tulioletewa miaka hiyo, kwamba mtoto wa Kiafrika afikapo darasa la nne afanye mtihani, wachache wapande darasa la tano, na wale wengine waambiwe kwamba safari yao imeishia hapo, wakiwa na miaka kumi au kumi na mmoja, mikono bado haiwezi kushika jembe sawasawa. Matokeo ya mtihani wa Novemba 1953 yalipofika hapa Januari, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameanguka, na asubuhi shule ilipofunguliwa wale watoto walikuja vilevile, wamepakwa mafuta, wakasimama mlangoni bila kuingia, kwa sababu mabenchi yao yalikuwa na watoto wengine. Kiptanui wake alikuwa amepita, hilo nalisema ili mtu asifikiri kwamba alikuwa akimpigania wa tumboni mwake. Dada aliwatazama, akalitazama kanisa, kila benchi limejaa mpaka ncha, isipokuwa moja.

Akawaita ndani, akawaketisha kwenye benchi la ndugu wa Uchina, akaendelea na hesabu.

Habari zilifika nyumba ya maziwa kabla maziwa ya asubuhi hayajapoa. Msimamizi wa shule alipokuja aliambiwa, akakuna kichwa, akasema kwamba sheria yake ni ya madarasa, na benchi la kanisa si darasa, hilo wakaulizwe wazee, akapanda baiskeli yake akateremka. Kwa hiyo jambo likawa la wazee, na wazee walikuwa wamekasirika, kwa maana waliona kitu kilichowekwa wakfu kwa watu wanaoteswa kimefanywa cha kawaida, na watoto wanachorachora juu yake kwa kalamu za makaa. Alipoitwa mbele ya baraza, dada hakupandisha sauti, alisema tu, na maneno haya ninayo kwa shemeji aliyekuwapo, “Wazee wangu, kila Jumatano tunamwomba Mungu awafungulie shule watoto wa Uchina, na hawa wetu ndio tunawafungia benchi?” Mzee Obura alimwambia awatoe watoto, au yeye atengwe na Meza ya Bwana mpaka atakaposimama mbele ya kanisa na kusema neno ambalo kila aliyetengwa hapa hulisema, yaani, nimekosa.

Kutengwa kwake kulitangazwa Jumapili tarehe 14 Machi 1954. Hakuwatoa, na hakusema nimekosa, na nyinyi wazee, niruhusuni niseme kwa upendo, hamkuwatoa hata nyinyi, kwa maana kila mmoja alingoja mwenzake awe wa kwanza kumshika mtoto mkono na kumwondoa, na huyo wa kwanza hakupatikana. Basi watoto wakakaa, na mwalimu wao akakaa nje.

Watu wa nje ya kanisa letu huenda wasielewe maana yake, kwa hiyo nitawaeleza. Kila Jumapili ya Ushirika, mkate unapofunuliwa, aliyetengwa huinuka mbele ya wote akatoka, na dada yangu, ambaye alikuwa amewafundisha katekisimu nusu ya watu waliobaki ndani, aliinuka akatoka kwa miaka karibu minne, akaketi karibu na tangi la maji, amefunga kitambaa chake kizuri, akisikiliza nyimbo kupitia dirishani. Shemeji alitaka kutoka pamoja naye, dada akamkataza, akamwambia mmoja wetu ale. Kwa hiyo shemeji alikula, akatoka, wakateremka pamoja bila kusema neno mpaka wapite lango la ng'ombe, na hapo ndipo dada alipokuwa akiuliza mchungaji amehubiri nini mwishoni. Mtu akimwambia kwamba amezoea, alikuwa akisema hajazoea, inamwuma kila mara. Aliipenda Meza ile. Nataka lijulikane leo kwamba hakuwa mkaidi asiyejali, alikuwa mtu mwenye njaa.

Wale watoto aliwafundisha asubuhi pamoja na wengine, na mchana akabaki nao peke yao, na wengine wakafuata mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Baadhi walirudia mtihani wakapita, kama Wamaitha binti Nderitu, ambaye sasa yuko darasa la saba, wengine hawakupita kamwe, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye benchi lile bila kujua kusoma, na kila siku kabla ya somo la kwanza aliwasimamisha wamwombee mtoto wa Uchina naye apate mahali pa kukaa.

Mwezi wa Agosti 1957 alianza kulalamika kwamba chakula kinamkwama kooni, akajidanganya kwa uji na chai mpaka Oktoba, akaingia hospitali ya Nakuru tarehe 4 Novemba, na madaktari wakaona uvimbe. Walifanya walivyoweza. Alirudi nyumbani kwa Krismasi, akarudishwa hospitalini tarehe 13 Januari mwaka huu wa 1958, na kuanzia hapo sote tulijua, na yeye alijua kabla yetu, ila aliendelea kumwuliza Cheptoo habari za masomo kwa sauti iliyobaki kidogo tu.

Mwanzoni mwa Februari Mzee Obura alishuka Nakuru na lori la maziwa kumjulia hali, kama jirani, na maziwa aliyombebea hakuweza kuyameza. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa pili wa kitanda. Mzee aliinama, akamwambia, “Mwalimu, wewe sema tu lile neno moja, hata polepole, mimi nitasikia, na Jumapili nitalipeleka.” Aliliomba kwa huruma kabisa, alikuwa anataka dada yangu asife akiwa nje, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba moyoni alitamke tu, lingemgharimu nini sasa. Dada alimshika mkono akamwambia, “Mzee wangu, nikisema nilikosa, watoto kesho wataketi wapi?” Kisha akamwuliza kama yule ng'ombe wake mweupe amezaa salama.

Mzee Obura, upo hapa, na umenipa ruhusa. Jumapili tarehe 9 Februari, wakati wa matangazo, mzee huyu alisimama mbele ya kanisa hili, mahali wanaposimama waliotengwa, akavua kofia, akasema, “Mimi nilienda kumsamehe mama huyu, nimerudi nikijua mimi ndiye wa kusamehewa. Nimekosa.” Baraza lilikutana hapohapo, bila kwenda chumba cha nyuma, na hakuna aliyepinga dada arudishwe kwenye Meza ya Bwana.

Jumatano tarehe 12, Mchungaji Ephantus na Mzee Obura walifika hospitalini wakiwa na mkate na kikombe vimefungwa kwa kitambaa cheupe. Lakini siku hiyo koo lilikuwa limefunga kabisa, hata maji ya kijiko hayakupita, na mchungaji akasita, hajui afanye nini. Mzee Obura alichovya kidole chake katika kikombe, akampaka dada yangu midomoni, polepole, juu na chini, kama mtu anavyomlisha mtoto mchanga. Dada alifumba macho, akailamba. Machozi yaliteremka masikioni, na shemeji akayafuta kwa kiganja. Baada ya miaka yote ile alikuwa amekula.

Alitutoka Alhamisi tarehe 20 Februari 1958, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini au arobaini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, sisi ndugu zake, na watoto wengine ambao hatujui tuwahesabu vipi, maana tangu jana wanakuja na kila mmoja anasema ni wake.

Kwa niaba ya jamaa tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru, hasa yule mama wa zamu aliyekuwa akimsafisha kinywa kwa pamba iliyoloa maji, walimu wenzake wa Gilgil na wa hapa waliobeba vipindi vyake, majirani waliomkamulia shemeji ng'ombe wake na kumpikia, Bwana Miwani aliyetoa lori la kuleta mwili, Mchungaji Ephantus, na wazee wote wa baraza. Mzee Obura, wewe tunakushukuru kwa kidole chako.

Dada yangu, mama yangu wa pili, uliyenibeba mgongoni, sina la kuongeza. Meza uliyoingoja sasa imeandaliwa na Mwenyewe, na koo lako limefunguka. Keti, Rael, ule ushibe, upumzike.