Bi Mwanaima wa Vyumba Vitano

Ndugu, majirani, na ninyi wapangaji mliofika kabla ya ndugu: hatujamtoa bado Bi Mwanaima binti Yunusi hapa nyumbani kwake, basi tusikilizeni kidogo habari zake.

Alizaliwa Lionja mwaka 1908, msimu wa kupalilia, mtoto wa kwanza wa Mzee Yunusi na Bi Mwanne, wakulima wa ufuta na mihogo. Shule ya serikali hakuiona. Alisoma chuoni akahitimu Kurani, na mengine yote aliyapata kwa kuuliza, maana hakuona haya kuuliza.

Mwaka 1927 aliolewa na Bwana Saburi, huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa mtoto mmoja, Abdala. Mwaka 1948, mpango wa karanga ulipojaza watu Nachingwea, waliwaachia ndugu mashamba ya Lionja wakaja kujenga nyumba hii ya miti, udongo na nyasi: chumba kimoja chao, vinne vya kupangisha. Kila chumba kilipokauka, Bi Mwanaima alihamia humo mpaka mvua kubwa inyeshe, ndipo akampa mpangaji. Bwana Saburi alilalamika kwamba ameoa mhamaji.

"Nikilowa mimi, najua pa kuziba," akamjibu. "Akilowa mpangaji, ananihama."

Lakini kosa alilifanya, na mwenyewe alipenda lisimuliwe. Vyumba vyote vinne aliwapa madereva wa matrekta ya karanga, kwa kuwa walikuwa watu wa heshima wasiosumbua. Mwaka 1951 kazi ile ikavunjwa, na wote wakaondoka katika wiki moja. Nyumba ya nyasi isiyopata moshi mnaijua. Haukupita muda mchwa wakaanza kupanda ukutani. Bwana Saburi akataka kung'oa milango aiuze.

"Mama Abdala, karanga zimekwisha, nasi tumekwisha."

Bi Mwanaima aliogopa sana, hilo hakulificha, maana Lionja hawakuwa tena na pa kurudi. Akasema, "Baba Abdala, mchwa haogopi mlango. Anaogopa moto."

Akaenda sokoni, akawaita watu waliokuwa wakilala kwenye baraza za wenzao: Dionisia mfinyanzi, Stefano fundi cherehani, mjane mmoja wa Ruangwa na muuza samaki wakavu. Sharti lake lilikuwa moja: kila mtu akoke moto chumbani kila siku, na paa likitoboka alizibe. Habari ya kodi wangeizungumza mambo yakitengemaa. Nyumba ikapona, na baadaye wenyewe wakaleta kodi bila kudaiwa. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi yake, hawakuyumba wote kwa pamoja tena.

Mwaka 1956 Zena, binti wa mdogo wake, alitaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha kule Ruangwa, akaja kumuuliza, "Mama mkubwa, nianzie wapi?"

"Anzia chooni, mwanangu. Vyumba vikiisha, lala humo mvua ikinyesha. Na usijaze nyumba watu wa kazi moja."

Zena aliomba choo kisubiri kidogo. Akaambiwa asije tena kusalimia mpaka kichimbwe, na kikachimbwa.

Januari mwaka huu kifua kilimbana. Alilazwa hospitali wiki mbili, kisha akaomba kurudishwa nyumbani, na kitandani akawa anauliza kama chumba cha tatu kinavuja. Alifariki jana alasiri, Alhamisi tarehe 13 Machi 1958, Bwana Saburi amemshika mkono.

Ameacha mume, mwana, wajukuu wanne, na Zena wake. Na wapangaji, maana hawa hatuwezi kuwaacha nje ya hesabu ya ndugu.

Leo asubuhi, marehemu alipokwisha kulazwa ukumbini, Zena alikwenda kukifunga chumba cha mama mkubwa wake. Akamkuta Dionisia amechuchumaa kwenye mafiga, analia huku anapuliza kuni.

"Nilikuja hapa sina pa kulala," Dionisia akamwambia. "Chumba chake hakitalala baridi nami nipo."

Zena akaiweka kufuli chini, akaenda kumletea kuni.

Tunakushukuru, mama. Mola akupokee kwa rehema zake, akupe makao yasiyovuja, upumzike.