Jozi Mbili Chini ya Meza: Maisha ya Fundi Kipimo, 1957–2023

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja na kwa kulivumilia jua hili. Mliosimama kule nyuma, sogeeni mpate mahali pa kukaa. Marehemu hakupenda kuona watu wakisimama muda mrefu, na sababu yake mtaisikia.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kipimo, alizaliwa Jumanne tarehe 3 Septemba 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mama alipenda kusimulia kwamba mkunga, kabla hata hajamfunika, alimbonyeza unyayo kwa dole gumba, akasema, "Huyu atatembea sana." Kaka hakutembea sana. Alikaa kwenye kigoda kimoja miaka arobaini na sita.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda kile, kuanzia 1965 hadi 1971. Kujumlisha kulimshinda, lakini kukadiria hakuna aliyemfikia. Aliutazama ubao, akataja urefu wake, kisha rula ikaja kumkubalia tu. Mwalimu wa hesabu alimwambia, "Wewe macho yako yananiogopesha." Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka.

Mwaka 1977 alifungua kibanda cha kushona viatu kwenye kona ya barabara ya soko. Kila mteja alisimama bila kiatu juu ya kipande cha boksi, naye akapitisha penseli kuuzunguka mguu. Mteja akirudi, hata baada ya miaka kumi, alisimamishwa juu ya boksi lilelile. Na kipimo kilikuwa saa kumi jioni, si kabla. Ukifika asubuhi, alikurudisha. "Mguu wa asubuhi ni muongo," alisema. "Njoo ukishauchosha, utasema kweli." Jambo lingine: kila kiatu alichokimaliza, aliandika tarehe ndani, chini ya kisigino.

Yupo shangazi mmoja, muuza vitambaa, aliyekuja kibandani mwaka 2004 akiwa na mimba ya miezi saba, amefura kwa hasira.

"Fundi, umeniibia ngozi! Viatu vya mwezi uliopita, leo haviingii!"

"Shangazi, panda kwenye boksi."

Akapanda. Mguu ulimwagika nje ya mstari pande zote. Kaka akapiga magoti, akabonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba, akaliondoa. Shimo likabaki, kama kidole kwenye unga uliokandwa.

"Kiatu hakijapungua. Uso nao ulikuwa hivi? Kichwa kinakuuma?"

"Tangu juzi. Umejuaje?"

"Usirudi dukani. Nenda hospitali sasa hivi, vitambaa haviozi."

Presha yake ilikuwa imepanda vibaya. Mama na mtoto walipona, na binti yule yuko hapa leo, kavaa namba thelathini na nane.

Mambo hayo kaka alifundishwa na muuguzi mmoja, mteja wake. Mama yule alimwambia, "Mguu ni mmbea tu, Fundi. Anayeumwa yuko juu." Moyo ukichoka kusukuma, damu hufanya foleni kwenye mishipa, maji yake yakajipenyeza nje na kuteremkia miguuni. Figo zikishindwa kutoa maji na chumvi, mwili hujaa, na macho huamka yamevimba. Ini likiharibika, maji huenda tumboni. Ukivimba mguu mmoja tu, tena unauma, huenda damu imeganda ndani, na hapo usingoje kesho. Zipo dawa zinazovimbisha, na upo uvimbe wa kukaa au kusimama kutwa, ambao mara nyingi hushuka ukiinua miguu. Kaka aliyashika yote hayo. Kwa hesabu yetu aliwapeleka hospitali watu thelathini na mmoja, na wengine walimtukana kwanza.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga pasi wa duka la dobi lililotazamana na kibanda chake. Walijaliwa binti wawili. Shemeji alisimama mbele ya pasi kutwa, kaka akamtazama kutoka ng'ambo ya barabara kutwa. Wateja waliwatania kwamba hiyo si ndoa, ni ulinzi.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa tuseme kweli. Mwaka jana viatu vya kaka vilianza kumbana. Mtu aliyewaambia wengine thelathini na mmoja waende hospitali, yeye alisema, "Ngozi imekaza." Akavitanua kwa kalibu, ile miguu ya mti ya kushonea. Baadaye akapasua ulimi, kisha akaondoa kamba kabisa. Akaanza kulalia mito mitatu, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata. Hilo nalo alilitafutia sababu ya kifundi: godoro limelegea. Alipokubali kupelekwa, tarehe 20 Julai mwaka huu, daktari alisema moyo umechoka muda mrefu.

Siku ya nane wodini, shemeji akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kaka alinyoosha mkono akambonyeza mguu.

"Acha utani, baba, watu wanatuona."

"Tulia. Nahesabu."

Akalitazama shimo lile, midomo ikichezacheza, mpaka ngozi ilipojaa tena. Hakusema alifika ngapi.

Jumatano tarehe 9 Agosti alimwita mdogo wake, huyu anayewasomea. Alisema, "Mpelekeni asubuhi. Hapana, jioni. Asubuhi atawadanganya." Tulidhani homa inamsemesha. Saa kumi na dakika tano jioni akakata roho.

Alhamisi asubuhi tulifungua kibanda kutafuta viatu vya kumzika navyo, maana vyake vyote vilikuwa vimepasuliwa. Chini ya meza tukakuta jozi mbili mpya zimefungwa kwenye gazeti. Ya kwanza ya kiume, nyeusi, namba arobaini na sita. Chini ya kisigino: 14 Februari. Februari kaka alikuwa namba arobaini na mbili. Jana tulimvalisha. Havikubana, wala havikupwaya.

Jozi ya pili ni ya kike. Tarehe yake ni 12 Julai. Tulitafuta boksi la mteja mwenye mguu ule, hatukuliona. Shemeji akaitambua rangi, kwa kuwa aliwahi kusifia kitambaa cha rangi hiyo dirishani mwa duka. Yeye huvaa thelathini na tisa. Hivi ni arobaini na moja.

Akavijaribu palepale. Nyuma ya kisigino viliingia vidole viwili. Tukafurahi, tukasema kaka alikosea. Shemeji hakufurahi. "Mume wangu hajanikosea kipimo miaka thelathini na saba," alisema. Jana jioni, saa kumi, alivivaa tena mbele yetu. Kiliingia kidole kimoja.

Alisema ni kusimama tu, ni pasi, ni msiba, na kwamba mjane haachi matanga kwenda kupimwa miguu. Tumemkatalia. Lile gari jeupe langoni ni lake. Tukimaliza kufukia, anakwenda hospitali moja kwa moja, jioni hii hii. Anayetaka kumpa pole amfuate huko.

Marehemu ameacha wadogo wawili, binti wawili, wajukuu watano, na mjane wake, ambaye amekubali kwenda. Amevaa viatu vyake vya zamani, kamba hazijafungwa. Jozi mpya ameipakata, mnamwona. Anasema ataiweka mezani kwa daktari na kumwambia: "Mume wangu amenipima hadi hapa. Nisaidie nisifike."

Lala salama, kaka. Kipimo chako tumekiona, na jioni hii tunampeleka.