Jana Ulikula Bukari na Nani?

Wasikilizaji wapendwa, mlio Nchelenge na Kashikishi, mlio Chienge, mlio kisiwani Chisenga na redio mmeitundika kwenye mlingoti wa kambi, karibuni. Nanyi wa ng'ambo, upande wa Congo, tunajua mnatusikia, karibuni pia. Punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wetu.

Profesa Misozi Chishimba hatunaye tena. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwa kaka yake hapa Kashikishi. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Tulimzika Alhamisi, na wengi wenu mlikuwepo, niliwaona.

Huko mjini watasema alikuwa bingwa wa utafiti wa afya ya vijana na maisha ya familia, mwenye makala thelathini na mbili. Ni kweli. Lakini sisi wa ziwani tunamkumbuka kwa makala moja aliyoikana mwenyewe. Habari hii nimeipata kwa Pierrette, mkalimani wake wa miaka saba. Nimemwomba ruhusa, akanipa, akanionya nisitie chumvi.

Misozi alizaliwa hapa hapa. Mama yake aliuza chisense, wale samaki wetu wadogo wa kukausha, na Kiswahili mtoto alikiokota pale mezani kwa wanunuzi wa Congo. Kaka yake, Patson, bado anacheka akikumbuka. Mtoto wa miaka saba, anawagombeza wanaume wenye ndevu waache kuonja chisense kama hawanunui! Baadaye alisoma, akaenda Lusaka, akaenda mbali zaidi, kisha akarudi na madaftari. Kazi yake ilikuwa kuwauliza vijana. Wanalala vipi? Wanaogopa nini? Wakiugua wanamwambia nani?

Na alikuwa na desturi moja, ambayo wenzake waliiona ni kupoteza petroli. Kila alipochapisha utafiti, alirudi nao. Aliwakusanya wale wale aliowauliza, akawasomea majibu yao kwa lugha yao. Alisema maneno ni ya kwao, yeye ameyaazima tu.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia. Miaka sita iliyopita, Misozi, wakati huo bado ni daktari wa chuo, hajawa profesa, aliwauliza vijana mia nne na kumi na wawili wa kambi za uvuvi na wa makazi ya wakimbizi. Swali la kumi na saba lilikuwa hili: kwa wiki moja, unakula na familia mara ngapi? Pierrette alipolitafsiri, aliweka neno la Kifaransa, famille. Nani angemlaumu? Mwenyewe ni mkimbizi kutoka Congo, na famille ni neno la kila siku. Vijana wakajibu. Sifuri. Sifuri. Hata mara moja.

Saba kati ya kumi walisema sifuri. Misozi aliumia, haki ya Mungu, aliumia. Akaandika kwamba vijana wa ziwa letu wanakua bila mtu wa kula naye. Jarida la nje likaichapa makala, wakubwa wakaisifu, akaalikwa huku na huko kuhutubia. Kisha shirika moja likaisoma. Likaamua kwamba wasichana wa makazi waondolewe kwenye nyumba zile, wapelekwe bweni mbali, walelewe huko. Orodha ikaandikwa. Jina la kwanza lilikuwa la Plamedie, miaka kumi na tatu, aliyekuwa akiishi na bibi yake, Kambo Dorica; kambo ndiyo bibi kwa Kiswahili cha Congo. Hao wawili vita viliwaachia kila mmoja mwenzake tu. Gari la kuwachukua wasichana lingekuja Ijumaa.

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo, Misozi alifika na makala yake, kama desturi. Watu walijaa kanisani, bati linachoma. Akasoma, Pierrette akitafsiri. Walipofika swali la kumi na saba, Kambo Dorica alicheka. Kisha akaacha kucheka, akasimama.

"Famille yetu iko ku Moba, kule Congo," alisema. "Huku tuko batu ba mu nyumba tu. Ulimuuliza mutoto kama anakula na batu ba Moba. Angekula nabo namna gani?"

Kanisa zima likaanza kusema kwa pamoja. Kumbe wote walisikia hivyo hivyo! Kwao famille ni ukoo: wajomba, mashangazi, waliobaki, waliotawanyika. Anayekusongea bukari, huu ugali wetu, na kukumiminia maji ya kunawa si famille. Huyo ni mtu wa nyumbani. Pierrette aliniambia alitamani ardhi ipasuke immeze, maana neno alilichagua yeye. Alimvuta Misozi kando, akamwomba amwachie kosa, aseme ni la mkalimani, jina la daktari lisiharibike. Misozi akakataa.

"Jina yenye iko juu ya ile karatasi ni yangu," alimjibu. "Ni miye nilipaswa kuuliza famille ni nani."

Jumatatu alikwenda kwa wale wa shirika, akawaomba wazuie gari. Wakamwonyesha makala yake mwenyewe. Imeandikwa hapa, mama, wakamwambia, na umeandika wewe. Maneno ya mdomo hayakutosha. Walitaka barua kwamba makala imeondolewa, na walimpa hadi Alhamisi.

Na chuoni, wasikilizaji, ule ndio mwaka aliokuwa anangoja uprofesa. Rafiki zake wakamsihi kwa simu. Andika masahihisho mafupi, walimwambia, mistari miwili, yaishe. Ukiondoa makala nzima, na cheo kinaondoka. Aliandika barua hiyo nyumbani kwa Patson, juu ya gunia la chisense. Patson naye alijaribu.

"Nilimuambia, ee dada, nani huku anasoma ile karatasi ya bazungu?" Patson anakumbuka. "Akaniambia, Kambo Dorica. Na Kambo Dorica hajue kusoma!"

Alhamisi barua ilifika. Ijumaa gari halikuja. Plamedie alibaki kwa bibi yake, na uprofesa ukaenda kwa mwingine. Misozi aliungoja miaka minne.

Hakukaa kulia. Alianza upya, vijana wale wale mia nne na kumi na wawili, mlango kwa mlango, na mtumbwi hadi Chisenga, Pierrette akitapika njia nzima. Safari hii swali lilikuwa la watu wa nyumbani. Jana mangaribi ulikula bukari na nani? Wee, majibu yakaja! Na kambo. Na yaya, dada yangu mukubwa. Na mama wa jirani. Na yule muvuvi anatukaribishaka. Walio wengi walikuwa na mtu. Akagundua kwamba kijana mwenye jina la kutaja, jina lolote, analala vizuri zaidi, anaenda kliniki akiugua, haachi shule. Undugu wa damu haukuleta tofauti kubwa. Kula sufuria moja ndiko kulikoileta. Thelathini na tisa hawakuwa na jina la kutaja. Aliwarudia mmoja mmoja, na Pierrette alimtafutia kila mmoja nyumba ya kula.

Yeye mwenyewe sasa, kule Lusaka, alikuwa anakula amesimama, kitabu mkononi. Patson alimgombeza kwa hilo mpaka akachoka. Mwaka huu ugonjwa ulipomshika, akarudi Kashikishi. Kambo Dorica siku hizi ana meza sokoni hapa, na Plamedie ana miaka kumi na tisa, amemaliza darasa la kumi na mbili. Kila jioni Plamedie alileta sufuria. Walikula wote chumbani kwa mgonjwa, Patson, bibi na mjukuu wake, hata siku ambazo Misozi alimeza tonge moja tu.

Jumatatu, siku moja kabla hajatuacha, Pierrette alikuja kumwona. Akamtania, akamuuliza lile swali lao, jana mangaribi ulikula bukari na nani. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini alijibu.

"Na famille."

Pierrette akamuuliza, famille ya wapi, ya Moba? Misozi akacheka mpaka akakohoa.

Kaka Patson, pole sana. Alhamisi, msoma risala alipotaja wafiwa, ulimsimamisha, ukamwambia aongeze majina matatu. Basi nami nasema pole, Pierrette. Pole, Kambo Dorica. Pole, Plamedie. Mungu ampokee dada yenu, amkaribishe mezani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, saa ya bukari inakaribia. Kabla hujafunua sufuria, toka nje uangalie jirani. Ukimwona kijana ambaye kesho hatakuwa na jina la kutaja, mwite anawe mikono.